Shamba la Mwenzio Lakuhusu Nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa kosa la unyang'anyi ni la mnyang'anyi peke yake. Aliyeingia kwa nguvu katika shamba la mwenziwe ndiye mwenye hatia, nasi tulio nje tu safi, maana hatukushika panga wala hatukung'oa mpaka. Lakini tufikiri kidogo. Mnyang'anyi hawezi kula mahindi yote ya shamba lile. Hana budi apate mtu wa kuyanunua, na mtu wa kumwazima jembe, na mzee wa kushuhudia ya kuwa mpaka mpya ndio mpaka. Akiwapata hao, baada ya miaka michache shamba huitwa lake. Akiwakosa, atakaa humo kama mgeni, ajapokuwa na nguvu nyingi. Basi swali letu ni hili: mtu asiyenyang'anya wala kunyang'anywa, ana wajibu gani?

Mataifa nayo yameulizana swali hili, na jawabu lake laonekana vizuri katika habari za nchi ya Namibia.

Nchi ile ilikuwa koloni la Wajerumani tangu mwaka 1884. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Afrika ya Kusini yaliiteka, mwaka 1915. Na mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa likaiweka mikononi mwa Afrika ya Kusini, si iwe mali yake, bali iwe amana, ili wenyeji watunzwe na kuendelezwa. Sote twajua maana ya amana. Mtu akikuwekea ng'ombe zizini mwako, waweza kunywa maziwa kama mlivyopatana, lakini ng'ombe si wako. Naye akimtaka, humwambii ya kuwa umekwisha kumzoea. Serikali ya Afrika ya Kusini haikutaka kulikumbuka jambo hilo. Baada ya Vita vya Pili ilitaka kuifanya nchi ile kuwa sehemu yake. Umoja wa Mataifa ukakataa, nayo ikaendelea kuitawala kwa sheria zake za ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia zilikwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, zikashitaki ya kuwa amana imevunjwa. Kesi ilikaa miaka karibu 6. Hata tarehe 18 Julai 1966 majaji wakagawanyika saba kwa saba, na kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyokata shauri. Ikasemwa kwamba walioshitaki hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyoguswa, kwa hiyo madai yao hayawezi kukubaliwa. Kwa lugha ya kijijini, waliambiwa: Shamba la mwenzio lakuhusu nini?

Neno hilo liliwachoma watu wengi, hasa katika Afrika. Tarehe 27 Oktoba ya mwaka ule ule Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaamua ya kuwa amana ile imekwisha. Mwaka 1970 Baraza la Usalama likatamka kwamba kuendelea kwa Afrika ya Kusini kukaa Namibia ni kinyume cha sheria. Kisha likaiuliza mahakama ile ile, mataifa mengine yapaswa kufanya nini. Jibu likatolewa tarehe 21 Juni 1971. Kwa kura 13 dhidi ya 2, majaji walisema ya kuwa Afrika ya Kusini yapaswa kuondoka mara moja. Na kwa kura 11 dhidi ya 4, walisema ya kuwa mataifa yote wanachama yana wajibu juu ya jambo hilo. Katika muda wa miaka 5 tu jibu la "haikuhusu" likageuka kuwa "yawahusu wote."

Wajibu wenyewe ni upi? Mwaka 2001 Tume ya Sheria ya Kimataifa iliuandika kwa ufupi, nao waweza kugawanywa katika mambo matatu.

La kwanza, kutotambua. Taifa lisiseme wala lisitende neno lenye maana ya kuwa utawala ule ni wa haki. Lisifanye mapatano na mtawala huyo kana kwamba yeye ndiye msemaji wa nchi aliyoikalia, wala lisipeleke huko mabalozi wake. La pili, kutosaidia. Lisiingie katika biashara au mambo mengine yatakayotia nguvu mizizi ya utawala ule. La tatu, kushirikiana na wenzake ili kuukomesha, lakini kwa njia za halali, maana sheria hii haimpi mtu ruhusa ya kuanzisha vita apendavyo. Kwa hiyo anayekaa kimya ametimiza sehemu tu ya wajibu wake. Bado adaiwa jitihada.

Hapa msomaji mwenye busara aweza kuuliza: Je, tukikataa kila kitu kitokacho kwa mtawala yule, hatutawaumiza wale wale tunaotaka kuwasaidia? Mtoto aliyezaliwa Windhoek na kuandikwa katika daftari la serikali ile, je, hakuzaliwa? Na mume na mke walioandikiwa cheti chao huko, je, si mume na mke? Majaji waliliona jambo hili. Walisema ya kuwa matendo ya serikali ile ni batili, lakini kuandikishwa kwa vizazi, vifo na ndoa hakuwezi kupuuzwa, maana hasara yake ingewaangukia wenyeji. Naona hapa ndipo penye hekima ya sheria hii. Twamnyima mnyang'anyi hati, hatumnyimi mjane chakula.

Wengine watasema: Sheria isiyo na askari ni maneno matupu. Ni kweli, hata baada ya mwaka 1971 mambo hayakuwa mepesi. Dola nyingine kubwa hazikuukubali wajibu huo wote, na urani ya mgodi wa Rössing iliendelea kununuliwa. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990, miaka karibu 19 baadaye, nao uliletwa na mambo mengi: vita, damu ya vijana, na mashauriano marefu. Hata hivyo maneno yale hayakuwa matupu. Siku 9 tu baada ya jibu la mahakama, Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili ya Kilutheri, walimwandikia waziri mkuu wa Afrika ya Kusini barua ya wazi, wakimweleza jinsi haki za watu wao zinavyokanyagwa, na kutaka nchi yao ipate uhuru. Walioonewa walijua sasa ya kuwa dunia imewashuhudia. Na mwaka 1978, Afrika ya Kusini ilipotaka kufanya uchaguzi wake yenyewe huko, Baraza la Usalama liliutangaza kuwa batili. Mnyang'anyi alikuwa na bunduki, lakini hakupata mzee wa kumshuhudia mpaka.

Kesi za namna hii hazijakwisha. Tarehe 19 Julai 2024 mahakama ile ile ilisema ya kuwa kukaa kwa Israeli katika nchi ya Wapalestina iliyokaliwa ni kinyume cha sheria, na ya kuwa mataifa yote yana wajibu wa kutoitambua hali hiyo kuwa halali, na kutosaidia idumu. Hukumu kama hiyo ni shauri, wala mahakama haina jeshi la kuitimiza; lakini taifa lililokwisha kuisikia haliwezi tena kusema kwamba halikujua.

Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Neno hilo twalisikia kama onyo la kujihadhari, nalo ni onyo jema. Lakini kujihadhari hakutoshi. Mpaka ukihamishwa leo mbele ya macho ya kijiji kizima na watu wote wakanyamaza, hakuna tena mpaka wa mtu yeyote ulio salama, wala wa yule aliyenunua mahindi kwa bei rahisi. Kwa hiyo shamba la mwenzetu latuhusu, kwanza kwa sababu mwenye shamba ni mtu kama sisi, na pili kwa sababu haki inayolilinda ndiyo inayolinda letu. Kama hatuna nguvu za kumtoa mnyang'anyi, tunazo nguvu za kukataa kununua mavuno yake, na za kuliita shamba kwa jina la mwenyewe.