Mgeni Anayelipa Bado ni Mgeni?

Kuanzia Oktoba hadi karibu Juni, barabara ya gari inayopanda kwenye njia ya Grand-Saint-Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, hufukiwa na theluji. Anayetaka kulala huko juu, mita 2,469 kutoka usawa wa bahari, huacha gari lake karibu na mlango wa handaki lililofunguliwa mwaka 1964. Kutoka hapo ni kupanda kwa nguvu zake mwenyewe, kwa viatu vya theluji au mbao za kutelezea, na kupita mahali panapoitwa Bonde la Wafu. Mwisho wa safari ni jumba kubwa la mawe, ambamo watawa humpokea kwa chai ya moto.

Halafu hulipia kitanda na chakula. Hapo ndipo penye swali.

Bernardo, arkidiakoni wa Aosta, alianzisha nyumba hiyo yapata mwaka 1050, kwa kuwa wasafiri walikuwa wakiuawa na baridi, maporomoko ya theluji na majambazi. Kaulimbiu ya nyumba hiyo, ya Kilatini, inasema kwamba mahali hapa Kristo huabudiwa na hulishwa. Maana yake ni nzito: anayebisha hodi ndiye Kristo mwenyewe. Nani atamwandikia Kristo hesabu ya supu?

Kwa karne nyingi watawa hawakumdai mtu kitu. Kulikuwa na sanduku la sadaka tu, na vitabu vya kuwaongoza watalii wa karne ya 19 viliwahimiza wenye uwezo wasilipite. Charles Dickens, aliyelifikisha jumba hili katika riwaya yake ya Little Dorrit, alikuwa mmoja wa wageni wa enzi hizo. Lakini ukarimu usio na bei una mtego wake. Mei 1800 Napoleon alivusha hapo jeshi la watu wapatao 40,000, na watawa wakawagawia askari chakula na divai. Kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, kilichoko chini yake, kiliahidiwa fidia ya hasara kilizopata. Kikangoja hadi mwaka 1984, Rais François Mitterrand wa Ufaransa alipolimaliza deni hilo kwa zawadi ya heshima tu. Mtu aweza kula bure na bado asiwe mgeni hata kidogo. Napoleon alipita kama mwenye nyumba.

Wanafalsafa nao wamevutana. Immanuel Kant, mwaka 1795, aliandika kwamba mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui afikapo nchi ya watu, lakini kulishwa na kulazwa kunahitaji mapatano mengine. Jacques Derrida, miaka mia mbili baadaye, alishikilia kwamba ukarimu halisi haumuulizi mtu jina wala haumwekei sharti, huku akikiri kwamba hakuna nyumba wala nchi inayoweza kuendeshwa hivyo kila siku.

Wahenga wa Kiswahili walikwisha kulipima jambo hili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe halimfukuzi mtu. Linamwingiza katika kazi ya nyumba iliyomlisha. Malipo ya mtalii wa Grand-Saint-Bernard yaweza kutazamwa vivyo hivyo. Kuni, unga na ukarabati wa paa lililoelemewa na theluji havipatikani kwa sala peke yake, na mwenye mshahara hana sababu ya kuwabebesha wengine mzigo wake.

Kwa hiyo fedha si kipimo. Kipimo ni nini kinatangulia mlangoni. Katika hoteli ya kawaida, kadi ya benki hutangulia na chumba hufuata. Asiyenayo huelekezwa kwingine kwa adabu. Huko juu hakuna kwingine. Dhoruba ikipiga, kumrudisha mtu ni kumuua, na kwa desturi ya nyumba hiyo mlango haufungwi.

Tangu handaki lichimbwe, hakuna anayelazimika kuvuka kwa juu wakati wa baridi. Wanaopanda leo wamechagua, wengine kwa michezo, wengine kwa mafungo na sala. Bila hatari iliyomfanya Bernardo ajenge, watawa wanabaki na kazi ngumu zaidi ya kuokoa watu: kumpokea mtu asiyewahitaji sana, aliyelipa na anayejua haki zake, kwa moyo uleule wa kumpokea aliyetolewa chini ya theluji.