Saa ya Miaka Sitini

Saa ya mkononi anayonunuliwa mzazi akitimiza miaka 60 ina masharti yake, na hayafanani na ya saa anayopewa kijana wa miaka 21. Kijana hupewa saa ili ijulikane kwamba amekuwa mtu mzima. Mzazi hupewa na watoto waliochanga, mara nyingi mwaka uleule anaokabidhi ofisi, maana Tanzania na Kenya mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika umri huo. Fedha zimepatikana, nia ni njema, na bado saa nyingi za namna hiyo huishia kwenye droo pamoja na boksi lake. Kisa ni kwamba zilichaguliwa kwa ajili ya macho ya wageni siku ya sherehe, na mkono wa mvaaji ukakumbukwa mwisho.

Wapo wanaoihoji saa yenyewe. Mstaafu, wanasema, hana tena kitabu cha mahudhurio cha kusaini asubuhi, na simu yake inataja wakati kwa usahihi kuliko saa yoyote ya dukani. Hoja hiyo inamfaa anayelala na simu mkononi. Kwa mtu wa miaka 60 simu iko chumbani kwenye chaji, miwani iko sebuleni, na dawa ya presha inapaswa kumezwa saa mbili kamili. Bado kuna adhuhuri au misa ya kwanza, basi la shule la mjukuu, taarifa ya habari ya usiku. Siku ya mstaafu ina nyakati nyingi za kushika kuliko wanavyodhani wanawe, ila hakuna tena ofisi ya kumkumbusha.

Lipo na jambo ambalo wauzaji wa saa janja hawaligusi. Mtu aliyekulia katika hesabu ya saa ya Kiswahili, akitazama saa yenye mishale, hasomi namba iliyoelekezwa. Anasoma iliyo mkabala nayo. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba asubuhi, jicho linavuka hadi upande wa pili na kukuta moja, basi ni saa moja. Tofauti ya saa sita ni nusu kamili ya duara, kwa hiyo uso wa saa unamfanyia hesabu. Skrini iliyoandika 19:00 inamtaka atoe kumi na mbili kwanza, kisha atoe sita. Saa janja ina mazuri yake, hasa kwa anayefuatilia mapigo ya moyo, lakini inadai chaji kila baada ya siku chache, na baada ya miaka kadhaa mtengenezaji huacha kuihudumia programu yake. Zawadi ya miaka 60 inatakiwa iwe bado mkononi mzee akifika 75.

Tukishaiweka kando skrini, linakuja suala la mashine, na hapa ndipo pesa ya mchango hupotea zaidi. Saa ya otomatiki haina betri. Ndani yake mna springi ya utepe inayojikunja kila mkono unapotikisika, kwa msaada wa kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka nyuma ya mashine. Nguvu ya springi hiyo huachiliwa kidogo kidogo na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, kwa kawaida mara 21,600 au 28,800 kwa saa. Ni ufundi wa kupendeza, na ndiyo sababu bei yake hupanda haraka. Usahihi ni habari nyingine. Saa ya Uswisi iliyopimwa na kupewa cheti cha kronomita huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Otomatiki ya bei ya kawaida inaweza kupotea zaidi ya sekunde 20 kwa siku na fundi akasema haina ubovu.

Saa ya betri hutegemea kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hata ile ya bei ndogo hupotea takriban sekunde 15 tu kwa mwezi. Ya kwanza ya aina hiyo ya kuvaa mkononi kuuzwa madukani ilikuwa Astron ya Seiko, Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, kwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo nchini Japani wakati huo. Ndani ya miaka kumi na kitu teknolojia hiyohiyo ilishuka bei hadi kila mtu akaimudu, na viwanda vya Uswisi vilivyoajiri watu wapatao 90,000 mwaka 1970 vikabaki na theluthi moja hivi katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo anayemwambia mteja kwamba saa ya bei kubwa lazima iseme kweli zaidi anamdanganya. Mwenye pesa hulipia ufundi, madini na jina.

Mstaafu ana shida nyingine na otomatiki. Akiivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi huenda akaikuta imelala, kwa sababu nyingi hukaa saa 40 hivi bila kuvaliwa. Itabidi arekebishe saa, kisha tarehe, na tarehe ina hatari yake: katika mashine nyingi, kuizungusha kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa alfajiri kunaweza kuvunja meno ya gurudumu lake, kwa kuwa saa hizo mashine yenyewe inajiandaa kuibadili. Mzee aliyewahi kumiliki saa ya kutia ufunguo, akaipenda, anajua tabia hizi na atafurahi kuzipata tena. Kwa wengine wote chaguo la busara ni saa inayojichaji kwa mwanga. Citizen waliuza saa ya mishale ya aina hiyo mwaka 1976, na leo zipo za kampuni kadhaa. Jua la Dodoma au Kisumu halina upungufu, na betri ndogo ya ndani inayochajiwa hudumu miaka mingi bila kuguswa.

Kutoguswa huko ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, maana saa ya betri huanza kuharibika siku inapofunguliwa mara ya kwanza. Fundi wa barazani ameweka lenzi jichoni, kisu chembamba kimeingizwa kwenye ukingo wa mfuniko wa nyuma, mfuniko umeruka, betri ya zamani imetoka na mpya imeingia. Dakika tano hazijatimia. Kati ya mfuniko na mwili wa saa kuna mpira mwembamba kama uzi, unaolala ndani ya mfereji wake. Ukitoka kwenye mfereji, ukabanwa upande mmoja, au ukabaki mezani kati ya skrubu, saa itatembea vizuri kabisa hadi mwenyewe atakapotawadha au kuosha vyombo. Kesho yake kuna ukungu chini ya kioo. Baada ya wiki mbili mashine ina kutu, na lawama inawaendea waliotoa zawadi kwamba walinunua feki. Fundi makini huukagua mpira, huupaka mafuta ya silikoni na kuubadili ukiwa umekakamaa. Hukataa pia betri za alkali za bei ya kutupa, ambazo zikichoka huvuja ndani ya saa, na hutumia zile za oksidi ya fedha za volti 1.55. Kabla ya kuchagua saa, watoto wangefanya vyema kumtafuta fundi wa namna hii katika mji anaoishi mzazi. Saa ambayo vipuri vyake viko Geneva peke yake haimfai mtu wa Songea, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Namba za maji zilizoandikwa mgongoni nazo husomwa vibaya. Mita 30 haina maana kwamba mvaaji anaweza kuzama mita 30. Ni kipimo cha shinikizo la maabara, saa ikiwa imetulia, na katika maisha ya kila siku kinatosheleza matone ya mvua na kunawa mikono. Kwa mtu wa pwani, au yeyote anayetawadha mara tano kwa siku, mita 100 ni kiwango cha kuanzia, na kitufe cha kurekebishia lazima kiwe kimesukumwa ndani.

Macho ya miaka 60 ndiyo yanayostahili kusikilizwa kuliko jambo lolote lililotajwa hadi hapa, na ndiyo yanayosahaulika. Uso mweupe wenye namba nyeusi nzito, au mweusi wenye namba nyeupe, husomeka bila miwani. Mishale ya dhahabu juu ya uso wa dhahabu haisomeki hata kwa miwani, na ndiyo inayong'aa zaidi kwenye kabati la duka. Viduara vitatu vya kupimia mbio havina kazi kwake isipokuwa kula nafasi ya namba. Dirisha la tarehe linahitaji kuwa kubwa au lisiwepo. Kioo cha yakuti samawi ya kutengenezwa kiwandani kina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, kwa hiyo funguo na kuta hazikikwaruzi kirahisi. Kwa kipengele hiki pekee inafaa kuongeza pesa.

Ukubwa hupimwa. Uzi ukizungushwa kwenye mkono wa mzee, kisha ukalazwa kwenye rula, unatoa jibu ambalo picha ya mtandaoni haiwezi kulitoa. Mkono mwembamba hubeba vizuri uso wa milimita 34 hadi 38; saa ya milimita 44 itampindukia kila anapoinua kikombe. Mkanda wa ngozi unapendeza Arusha na Limuru, lakini Mombasa na Unguja jasho huulowesha, ukanuka, ukapasuka. Cheni ya chuma kisichoshika kutu ni afadhali huko, ikipunguzwa pingili kwa kipimo cha mkono wake, na kishikizo chake kijaribiwe na vidole vya mtu mzima vyenye baridi yabisi. Baba Mwislamu asinunuliwe saa ya dhahabu, kwa kuwa wanazuoni wamekataza wanaume kuivaa. Inashangaza ni familia ngapi hulikumbuka hilo baada ya kufungua boksi.

Linabaki jina, na hapo ndipo ndugu hugombana. Mmoja atasema kwamba kumpa mzazi saa isiyo na jina kubwa ni kumdharau mbele ya majirani. Kwa kuwa fedha hazitoshi, suluhu yake huwa ni kopi ya saa maarufu. Lakini Agosti 2007, walinzi wa Barack Obama kutoka Secret Service walimpa saa ya Jorg Gray alipotimiza miaka 46. Haikuwa saa ya matajiri; toleo lililouzwa kwa umma liligharimu mamia machache ya dola. Aliivaa akiwa mgombea na akaivaa akiwa rais, mbele ya viongozi wenye uwezo wa kuagiza chochote, na heshima yake haikupungua. Kopi, kwa upande wake, ni uongo ambao mzazi anavalishwa bila ridhaa. Siku moja mtu anayejua saa ataishika na kunyamaza, au hatanyamaza.

Kuitambua si kazi ngumu kila wakati. Mshale wa sekunde unaoruka hatua moja moja kwenye saa iliyoandikwa otomatiki unataja betri iliyofichwa. Herufi ndogo chini ya namba sita zinazoitaja Japani mara nyingi huihusu mashine tu, na mwili wa saa ukawa umetoka kwingine; hilo si kosa, mradi bei haidai kinyume. Tangu 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji iwe imetumika nchini humo kabla saa haijaitwa ya Uswisi. Duka linalotoa risiti na kadi ya dhamana yenye namba ileile iliyo mgongoni mwa saa lipewe upendeleo, hata likiwa ghali kidogo.

Maandishi ya mgongoni huongeza thamani ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiuza. Mwigizaji Paul Newman alipewa Rolex na mkewe, Joanne Woodward, iliyochongwa maneno mafupi ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu. Oktoba 2017 ilipigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7, na maneno hayo yalikuwa sehemu ya sifa yake. Kwa familia ya kawaida jina la mzazi na mwaka vinatosha. Orodha ya waliochanga isiandikwe, maana mgongo wa saa si daftari la mchango. Kuchonga kufanyike baada ya saa kujaribiwa mkononi, kwa sababu duka halirudishi saa iliyochongwa, na kufanywe kwenye mfuniko wa chuma kitupu, kwani rangi ya kupakwa hubanduka kuanzia kwenye herufi.

Mwisho, sehemu ya mchango ibakizwe. Otomatiki huhitaji kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hivi, na saa ya betri huhitaji betri na mpira mapema zaidi. Risiti na kadi ya dhamana zikae kwa mtoto anayeishi karibu na mzazi, na huyo ndiye akabidhiwe kazi ya kuipeleka saa kwa fundi. Kazi hiyo ikiachwa kwa wote, mzee ataipeleka mwenyewe kwa fundi wa kwanza atakayemkuta stendi.