Kinachomfaa Kasereka, Kinachomgharimu Kakule

Kwa Wanande wa Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto hupewa zamu kabla hajapewa kitu kingine chochote. Mvulana wa kwanza huitwa Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika, na wadogo zake nao wana majina ya nafasi zao. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese nchini Uganda, ndugu zao Wakonzo wanafanya vivyo hivyo kwa majina yanayokaribiana na hayo. Si ajabu, basi, mwalimu wa Butembo akiita "Kambale!" darasani wakaitika watoto watano.

Desturi hii humwambia mtoto amezaliwa nyuma ya nani, lakini haimwambii anakwenda wapi. Kasereka Kavwahirehi ni profesa katika Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, na ameandika kwa kina juu ya fikra za V. Y. Mudimbe. Kasereka mwingine anaanika kakao yake huko Mbau. Jina moja, na maisha yasiyofanana hata kidogo. Nani asome nini, jina halisemi. Hilo wanaachiwa wazazi.

Na ni mzigo, kwa sababu familia ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6. Nyumba yenye watoto saba au wanane haimshangazi mtu Butembo. Kinachostahili kushangaza ni matarajio kwamba baba na mama watamjua kila mmoja wao kana kwamba ndiye wa pekee.

Kuna ambako matarajio hayo hujaribiwa. Nchini Marekani, ambako kufikia 1993 kusomesha watoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50, mama mwenye watoto wanane anaweza kutandaza vitabu mezani na kumtafutia kila mtoto mtaala wake: huyu hesabu za taratibu, yule hadithi na historia, mwingine kazi za mikono. Kongo mtaala ni wa taifa. Nyumba iligeuzwa shule kwa amri mwaka 2020, serikali ilipofunga shule mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19 na masomo yakasikika redioni katika kipindi cha Okapi École, hadi, kwa wanafunzi wengi, mwaka mpya wa masomo ulipoanza Oktoba. Redio moja, watoto saba wa madarasa saba: kila mmoja alisikiliza somo la mwenzake. Huo ndio mtaala wa nyumbani ambao familia kubwa iliweza kuumudu.

Uchaguzi wenyewe huja baadaye kidogo. Chini ya sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi ni miaka minane: sita ya shule ya msingi na miwili ya sekondari. Baada yake kuna miaka minne ya humanite, na huko mtoto huingia katika opsioni: Pedagojia, Hisabati na Fizikia, Biolojia na Kemia, Latini na Falsafa, Biashara, Kilimo, Umeme, Ufundi wa magari, Ukataji na ushonaji, na nyinginezo. Mwisho wa safari ni Mtihani wa Serikali, au Egzeta kama vijana wanavyouita. Mtoto wa miaka kumi na minne anaulizwa atakuwa nani. Au tuseme ukweli: mara nyingi yeye haulizwi, wanaulizwa wazazi. Katiba ya 2006 iko upande wao. Ibara ya 43 inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu watakayowapa watoto wao.

Ibara hiyo haisemi wafanye nini watoto wakiwa wanane na pesa ni ya watatu.

Hapo falsafa ya elimu nayo huishiwa na maneno. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alitoa *Émile*, kitabu kilichowafundisha Wazungu kwamba elimu imfuate mtoto, si mtoto aifuate elimu. Ndani yake kuna mlezi mmoja na mwanafunzi mmoja, na mlezi hana kazi nyingine kwa miaka zaidi ya ishirini. Rousseau mwenyewe, kama alivyokiri katika maandishi ya maisha yake, aliwapeleka watoto wake watano wote kwenye nyumba ya watoto waliotupwa mjini Paris. Watu wamemcheka kwa hilo tangu siku zake. Lakini huenda ndiye aliyejua kuliko wote kwamba malezi aliyoyasifu hayagawanyiki kwa watano.

Tatizo si la Rousseau peke yake. Tunaposema elimu fulani "inamfaa" mtoto, tunafikiri juu ya vitu viwili: mtoto na somo. Anapenda mashine, basi apelekwe Ufundi wa magari. Ana subira na watoto wadogo, basi Pedagojia. Katika familia kubwa kuna kitu cha tatu ambacho hakionekani kwenye fomu ya kuandikisha, nacho ni ndugu anayesubiri. Kila opsioni ya Kasereka ina bei, na sehemu ya bei hiyo analipa Kakule kwa miaka yake.

Wazazi wa Butembo na Beni wanaijua hesabu hii kuliko wanafalsafa, kwa kuwa wamekuwa walipaji wa shule kwa muda mrefu. Rais Mobutu alitaifisha shule za makanisa mwaka 1974. Mwaka 1977 akazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba, huku serikali ikibaki na wajibu wa mishahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara hiyo ilipokuwa haifiki, wazazi waliombwa kuwachangia walimu ili shule zisifungwe. Mchango wa dharura ukawa desturi ya karibu miaka thelathini. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ni ya bure, jambo ambalo Katiba ilikuwa imeliahidi miaka mingi nyuma, lakini humanite bado hulipiwa. Mzigo umesogezwa mbele tu, ukakaa karibu na pale uchaguzi unapoanza. Watu hawa hawaogopi kuchangia elimu: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, kiko katika mji unaosifika kwa kujijenga wenyewe. Ila kuchangia chuo cha mji na kugawa pesa ya nyumba moja kati ya watoto wanane ni mambo mawili.

Aristotle alitofautisha usawa wa aina mbili: ule wa kumpa kila mtu kiasi kilekile, na ule wa kumpa kila mtu kulingana na anachostahili. Tuweke aina zote mbili mezani kwa familia ya kubuni. Mumbere amemaliza humanite na anataka udaktari. Masika yuko mwaka wa nane. Kambale anapenda umeme, Kasereka ana kichwa chepesi cha hesabu, Kakule bado mdogo na hajulikani, na nyuma yao wako watatu. Baba akigawa kwa usawa wa kwanza, kila mtoto aliyebaki atapata miaka miwili ya humanite na hakuna kati yao atakayefika Egzeta. Akigawa kwa usawa wa pili, itabidi apime nani anastahili zaidi, na hapo mizani inaharibika, maana mtoto aliyekwisha kusomeshwa huonekana siku zote kuwa na akili kuliko ambaye hajasomeshwa. Mumbere ana vyeti. Kakule ana nini cha kuonyesha?

Ndipo hutokea jambo ambalo makala hii inaliona kuwa baya kuliko umaskini wenyewe. Pesa inaisha, lakini hakuna anayesema pesa imeisha. Inasemwa kwamba Kakule hana kichwa cha masomo. Inasemwa kwamba Masika anapenda kushona. Labda anapenda kweli. Ukataji na ushonaji ni opsioni ya heshima na imelisha nyumba nyingi. Lakini kuna tofauti kati ya binti aliyechagua cherehani na binti aliyeambiwa cherehani ndicho kipaji chake siku ileile ambayo pesa ya Biolojia na Kemia ilikwenda kwa kaka yake. Wa kwanza amepewa kinachomfaa. Wa pili amefanywa afae kilichobaki, halafu akaambiwa ndivyo alivyoumbwa. Upungufu wa mfuko umegeuzwa kuwa upungufu wa mtoto, naye ataubeba hata pesa ikipatikana, kwa kuwa hakuna anayerudi kuomba nafasi ambayo ameaminishwa kwamba hakuiweza.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa sana katika majira ya kuandikisha watoto. Wanaoitaja husahau kwamba samaki akishakunjwa hakui tena, na mtoto wa miaka kumi na minne ndiyo kwanza anaanza.

Kuna kipimo kingine kinachotumika kwa wingi, nacho ni soko. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, ikaenea hadi Butembo na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, mashirika yaliajiri wauguzi, madereva na wahamasishaji kwa mishahara ambayo mwalimu hakuwahi kuiota. Mzazi gani asingewaza kwamba uuguzi unamfaa kila mtoto wake? Kisha ugonjwa ukaisha na ajira nazo zikaenda. Kinachomfaa mtoto kwa sababu ya soko la mwaka huu kinaweza kuwa kimepitwa na wakati kabla hajaketi kufanya Egzeta.

Julius Nyerere aliligusa jambo hili kutoka upande mwingine mwaka 1967 katika *Elimu ya Kujitegemea*. Hoja yake ilikuwa kwamba shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, si ngazi tu ya kwendea sekondari, kwa kuwa watoto wengi wa Tanzania wangeishia hapo. Alikuwa akifikiria taifa, lakini hesabu yake inaingia vizuri katika nyumba ya Butembo. Mzazi asiyejua kama pesa itatosha hadi mwisho anapaswa kuuliza: njia hii ikikatika, mtoto atabaki na nini mkononi? Diploma ya Pedagojia humwezesha kijana kufundisha shule ya msingi bila kupita chuo kikuu. Fundi wa umeme anaweza kuanza kazi. Biolojia na Kemia, kwa heshima zake zote, hudai miaka mingine ya chuo kabla haijampa mtu mkate. Kwa hiyo opsioni inayomfaa Mumbere aliyetangulia inaweza isimfae Katembo mwenye kipaji kilekile, kwa sababu Katembo anaanza safari mfuko ukiwa mwepesi zaidi.

Upande wa Beni njia hukatika kwa sababu nyingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewahamisha watu wa Eringeti, Mbau na Oicha mara kwa mara, na familia iliyokuwa ikipanga opsioni hujikuta ikitafuta tu darasa lenye nafasi. Kwa waliokosa shule ya msingi wapo wanaopitia vituo vya kufidia masomo, ambako miaka sita hubanwa katika mitatu. Mfumo huo umekubali jambo moja ambalo shule za kawaida hulikubali kwa shida: kwamba mtoto aliyechelewa anaweza kuhitaji mwendo tofauti bila kuwa na akili pungufu. Na Aprili 2021 wanafunzi wa Beni waliacha madarasa wakapiga kambi kwenye ofisi ya meya, wakidai amani na kumtaka rais aje. Watoto ambao hawakuulizwa kuhusu opsioni zao walijichagulia somo la juma lile.

Familia nyingi zina jibu lao la zamani, na ni zuri kuliko linavyosifiwa: aliyetangulia kusoma huwasomesha waliomsubiri. Mumbere akipata kazi, minervali, yaani ada ya shule, ya Kakule ni juu yake. Kwa mpango huo zamu ya kuzaliwa inaacha kuwa bahati na inakuwa deni. Kasoro yake ni kwamba deni hilo halisemwi waziwazi. Mumbere huoa, huhamia Kampala au Kinshasa, na Kakule hana la kudai maana hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa akidai. Yeye anajua tu kwamba hakuwa na kichwa.

Haki katika nyumba ya watoto wanane haiwezi kuwa kwamba wote wapate sawa, na mara chache itakuwa kwamba kila mmoja apate hasa kinachomfaa. Inaweza kuwa kitu cha kawaida zaidi: anayesubiri ajue anasubiri kwa nini, hadi lini, na ni nani atakayemlipia. Hilo halihitaji pesa. Wazazi wanaojiandaa kwa masomo ya Septemba wafanye hesabu mbele ya watoto wote, wasichana wakiwamo, na pale mfuko unapoishia waseme mfuko umeishia. Mkubwa aahidi mbele ya mdogo, kwa mwaka na kwa kiasi. Na wakuu wa shule, ambao wengi wao ni wazazi wa Kakule mmoja au wawili, wamruhusu mtoto wa mwaka wa kwanza wa humanite kubadili opsioni bila kumlazimisha kurudia darasa.