TABIA ZA WATU HAZIMO KATIKA NYOTA WALA KATIKA KARATA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Kwale, Diani, Msambweni na vijiji vilivyo baina yake, jambo tutakalolisema leo si geni kwenu. Kijana hupeleka posa; wazee huzungumza wakakubaliana; kisha mmoja katika jamaa husema, "Ngojeni kwanza zitazamwe nyota zao." Basi majina yao na ya mama zao hupelekwa kwa mwenye kitabu, na jawabu hurudi: huyu ni moto na yule ni maji, hawatakaa. Posa huvunjika. Binti hubaki nyumbani na sifa mbaya asiyoichuma kwa mkono wake, na kijana huitwa mkali au msaliti na watu wasiopata kuketi naye hata siku moja.

Na natuitazame hiyo elimu yenyewe ni kitu gani. Mwenye kitabu huhesabu herufi za jina kwa hesabu ya abjadi, akaongeza hesabu ya jina la mama, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota: moja ni Hamali, mbili ni Thauri, na kuendelea hata Hutu. Kisha nyota hizo hugawanywa katika moto, udongo, upepo na maji, na kila fungu likapewa tabia zake.

Chukua mtu aitwaye Ali, mwana wa Fatuma. Herufi za Ali ni 110. Za Fatuma ni 135, ikiwa ile herufi ya mwisho itahesabiwa 5 kama ha. Jumla ni 245. Ukitoa kumi na mbili hubaki 5, naye ni Asadi, nyota ya moto. Lakini wako wanaoihesabu herufi hiyo hiyo 400 kama ta. Basi Fatuma huwa 530, jumla huwa 640, na hubaki 4: Ali sasa ni Saratani, nyota ya maji! Mtu ni yule yule na mama yake ni yule yule, wala hapana kilichogeuka ila kalamu ya mwenye kuhesabu. Je, kwa majina yetu yenye sauti ya p, ambayo haimo katika abjadi, itakuwaje? Mwenye kuiandika kwa ba atahesabu 2, na mwenye kuiandika kwa fa atahesabu 80, na baina yao ni nyota sita kamili. Kwa hesabu kama hii ndipo nyumba ya Muislamu huvunjwa kabla haijajengwa!

Na ajabu ni kuwa watu wetu humcheka mwenye kupiga mburuga, wakamheshimu mwenye kufungua kitabu, kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kiarabu hazihalalishi uaguzi, kama vile kanzu haimfanyi mwizi kuwa mwaminifu.

Wala msidhani kuwa haya ni ya watu wa pwani peke yao. Wazungu nao wana karata ziitwazo tarot, na ndani yake zimo kumi na sita zenye sura za wafalme, malkia, wapanda farasi na vijana watumishi. Waaguzi wao hudai kuwa kila sura ni tabia ya mtu: wa vikombe ni maji, mwenye huruma, wa panga ni upepo, mwenye maneno makali, wa fimbo ni moto, wa sarafu ni udongo. Ukiyasikia hayo utadhani yametoka katika kitabu cha nyota cha kwetu. Na asili yake ni nini? Ni mchezo. Karata za panga, vikombe, sarafu na fimbo zilichezwa Misri katika zama za Mamluki, zikafika Ulaya katika karne ya 14. Tarot ilizuka Italia katika karne ya 15, nayo ni ya kuchezea. Haikudaiwa kuwa ni siri ya Mafirauni ila mwaka 1781, katika kitabu cha Mfaransa aitwaye Court de Gébelin, wakati ambapo hapakuwa bado na mtu wa Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Na shupaza, kopa, pau na uru tunazozitaja kila siku ni majina ya Kireno ya panga, vikombe, fimbo na dhahabu. Basi kilichokuwa mchezo jana kimefanywa ghaibu leo.

Labda atasema msemaji: "Mbona imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa palikuwa na Nabii aliyepiga mistari, na atakayeafikiana naye amepata?" Tunamjibu kwa walivyosema wanazuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi: ruhusa imefungwa kwa kuafikiana na Nabii huyo, na hapana leo awezaye kujua kuwa ameafikiana naye. Na katika kitabu hicho hicho Mtume s.a.w. ametuonya kuwa mwenye kumwendea muaguzi akamwuliza jambo, Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na Kurani katika Suratul Maida imezitia mbao za kupigia bahati pamoja na ulevi na kamari. Na katika Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya na kubandikana majina mabaya. Na kumwita mtu msaliti kwa ajili ya nyota ya Akrabu ni yote mawili.

Basi tabia ya mtu itajulikanaje? Imepokewa kuwa Sayyidna Umar r.a. alimwuliza mtu aliyemsifu mwenziwe: Je, wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umeamiliana naye kwa fedha? Alipojibu kuwa la, akamwambia kuwa hamjui. Hii ndiyo mizani, enyi wazazi! Waulizeni majirani zake na wenziwe wa kazi. Waulizeni anaowadai na wanaomdai. Mtazameni anavyomtendea mama yake. Mkiridhia dini yake na tabia yake, muozeni, kama alivyotuamrisha Mtume s.a.w. Kisha salini Istikhara, mumtegemee Mola wenu.

Na ewe uliyekwisha kuvunja posa kwa neno la mwenye kitabu, mlango wa toba haujafungwa, wala mlango wa jamaa uliowarudisha haujawa mbali. Nenda ukabishe.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke. Amin.