Je, Wote Ndivyo Walivyo?

Mwaka 2008 televisheni ya ABC ya Marekani ilitengeneza jaribio katika duka moja la mikate huko Texas. Mwanamke mmoja mwigizaji alivaa hijabu akajifanya mnunuzi. Mwigizaji mwingine akajifanya mwuzaji, akakataa kumhudumia na kumtolea maneno ya kashfa kwa sababu ni Mwislamu. Kamera zilifichwa, na wateja waliokuwamo hawakujua kwamba ni mchezo. Wateja 13 walimtetea yule mama, 6 walimwunga mkono mwuzaji, na 22 hawakusema neno.

Walioitazama picha hiyo waliondoka kila mtu na hukumu yake. Huyu asema Wamarekani wawachukia Waislamu, yule asema Wamarekani ni watu wema. Kumbe wote wawili wamewaona watu 41 tu, katika duka moja, mbele ya mtu aliyelipwa ili awachokoze. Tena wenye televisheni huchagua vipande vya kuonyesha, na ugomvi ndio unaovutia macho.

Texas ni mbali na Zegereni, lakini desturi hiyo ya kuwapima watu kwa tukio moja tunayo hapa hapa. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, na mmoja wao akaikojolea. Haikupita muda, makanisa yakavamiwa na kuchomwa moto. Waliochoma walikuwa wamelitwika kosa la mtoto mmoja juu ya Wakristo wote. Nasi je? Tulitoka ibadani tukasimama chini ya mti tukasema, "Ndivyo walivyo hao." Hao akina nani? Ni hawa majirani tunaochimba nao kaburi tukifiwa, na ambao sahani zao za pilau hutufikia siku ya Idi? Wengine wetu tulijua moyoni kwamba neno lile si kweli, tukanyamaza. Basi tulikuwa pamoja na wale 22.

Katika Luka sura ya 9, Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana. Aliwakemea. Sura inayofuata yeye mwenyewe asimulia habari za Msamaria aliyemhurumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Kijiji kile na mtu yule ni wa taifa moja, na pengine tumezisoma sura hizo mbili mara nyingi bila kuziweka pamoja.

Lipo jaribio jingine ambalo halikutengenezwa na televisheni. Mwezi wa Desemba 2015, katika kaunti ya Mandera nchini Kenya, Al-Shabaab walisimamisha basi wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake wengine waliwapa Wakristo nguo zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, naye akafariki Januari 2016.

Wala tusikimbilie kusema kwamba kila Mwislamu angetenda hivyo, maana hapo tungerudia kosa lile lile kwa upande mwingine. Hata sisi wenyewe, tunaoketi pamoja kila Jumapili, hatujui ni nani kati yetu angesimama, na nani angejitenga, ndani ya basi lile.