Taa ya Jikoni Ni Haki ya Nani?

Tumeletewa suala na ndugu mmoja katika wanadarasa wetu, naye ni fundi seremala. Kwa kulitazama juu juu laonekana ni suala la mbao na waya, lakini tulipolikalia tuliona kwamba ndani yake mna jambo la haki baina ya mtu na mtu. Kwa hivyo tumeona yafaa kuliandika hapa, ili kila mwenye nyumba apate kulipima na nyumba yake.

Fundi huyu alichukuliwa kazi Merigi, huko bara katika nchi ya chai, kaunti ya Bomet, kutia makabati mapya ya jikoni katika nyumba ya mkulima mmoja. Kazi ya mbao ilikwenda bila ya ugomvi. Ugomvi ulikuja katika taa. Fedha zilizobaki zilitosha taa za namna moja tu. Mwenye nyumba alitaka zitiwe ndani ya kabati lenye milango ya vioo, ili vyombo ving'ae na mgeni akipita avione. Mkewe alitaka zitiwe chini ya makabati ya juu, zimulike pale anapokatia na kuoshea. Mume akasema, "Mimi ndiye nilipaye." Mke akasema, "Na mimi ndiye nisimamaye hapa." Fundi akaweka zana zake chini, akatupigia simu kuuliza: nimtii yupi?

Wasomaji wetu wengi wa pwani hawajapata kufika Merigi, ingawa majani ya nchi ile huenda ndiyo waliyotia katika birika asubuhi ya leo. Ni nchi ya vilima, mwinuko wa karibu mita 2,000, yenye mvua nyingi na baridi, na wenyeji wake ni Wakipsigis. Wengi wao wana mashamba madogo ya chai. Huchuma majani mawili na chipukizi, wakayapeleka kwenye kituo cha kununulia, na kutoka hapo yakachukuliwa viwandani. Kaunti ile ina viwanda kama Kapkoros na Tirgaga, vilivyo chini ya KTDA. Kisha chai iliyokwisha kutengenezwa hushuka kwetu, kwenye mnada wa Mombasa. Mkulima hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na mara moja kwa mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, hupata malipo makubwa ambayo wote huyaita bonasi. Bonasi hiyo mwaka mmoja hupanda, na mwaka mwingine hushuka hata watu wakalia. Ndiyo isomeshayo watoto, na ndiyo ijengayo nyumba. Makabati haya tuyasemayo yalitoka humo.

Sasa tuitazame taa yenyewe. Desturi ya nyumba zetu nyingi ni taa moja katikati ya dari. Mwenye kupika husimama ameelekea ukuta, taa iko mgongoni pake, na kivuli chake mwenyewe huangukia juu ya ubao anaokatia. Kabla ya kutiwa makabati ya ukutani taabu hii huwa ndogo. Yakisha kutiwa huzidi, kwani kabati la juu, ambalo kwa desturi lina kina cha sentimita 30 au zaidi kidogo, huwa kama kipaa kilichoufunika ule mwanga uliokuwa ukifika. Fundi akitia makabati bila ya kutia taa chini yake, basi amempunguzia mpishi nuru aliyokuwa nayo. Jambo hili khasa ndilo lililotufanya tuone kwamba yule mama hakuomba pambo wala fadhila. Aliomba arudishiwe kilichochukuliwa na makabati.

Wala gharama ya stima si hoja. Utepe wa taa za LED hutumia yapata wati 10 kwa kila mita. Mita tatu zikiwaka saa nne kila usiku hula kama sehemu ya nane ya yuniti moja. Lakini yataka ujuzi kidogo. Utepe uwekwe karibu na ukingo wa mbele wa kabati, si nyuma ukutani, ili umulike meza yote na si vigae peke yake. Ufunikwe kwa kifuniko cheupe kisichoona ndani, kwani juu ya jiwe la graniti lililong'arishwa kila kijitaa huonekana kama jicho lenye kukukodolea. Na kile kikasha cha kupunguzia nguvu ya umeme kikae mbali na mvuke wa sufuria. Fundi wetu, kwa kuijua mvua ya nchi ile, alikwisha kuzikataa zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa upande wa karo, maana zikinywa maji hufura na hazirudi tena. Na hilo twamsifu.

Ama rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi kwa kipimo cha kelvini: 2,700 au 3,000 ni wa manjano kama wa taa ya mafuta, 4,000 ni mweupe, na 6,500 waelekea buluu kama siku ya mawingu. Sisi twapendelea wa baina ya 3,000 na 4,000 mahali pa kazi. Lakini kipo kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hawakitaji, nacho ni uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi za vitu. Ukomo wake ni 100, na taa ya jikoni yafaa ifike 90. Taa mbaya huweza kuifanya nyama iliyoanza kuharibika ifanane na nyama njema. Na mwenye kuchagua mchele ahitaji kuliona jiwe kabla ya mlaji kuliuma. Basi nuru ya mahali pa kazi ina faida hata kwa yule bwana aliyeikataa, kwani meno yatakayoliuma jiwe ni yake.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akacheka na kusema, hayo ni mambo ya watu wa bara waliopata fedha juzi. Asicheke. Wazee wetu wa Lamu, katika zile nyumba za mawe za karne ya 18, walizijaza kuta za ndani kwa zidaka zilizochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, wakapanga humo sahani na bakuli za kutoka China. Ni kazi nzuri ambayo hata leo watu husafiri kuja kuitazama. Na jiko lilikuwa wapi? Lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, na waliopandisha maji na kuni na kushusha vyakula walikuwa ni watumwa, ambao katika pwani ya Kenya hawakuachwa huru na sheria mpaka mwaka 1907. Mwenye kupita ndani aliziona sahani. Mikono iliyozipakua hakuiona. (Na tuwe waadilifu: jiko la juu darini lilikuwa na upepo, na moshi ulipata njia ya kutokea, jambo ambalo nyumba nyingi za leo hazina.) Basi kabati la kioo lenye taa ndani, kule Merigi, ni ndugu yake kidaka.

Wala hatusemi kuwa pambo ni baya. Nyumba yenye kupendeza humfurahisha mwenyewe na mgeni wake, na kumheshimu mgeni ni katika tabia njema za watu wa bara na wa pwani. Tena ni uzushi kudhani kwamba mapambo ni tamaa ya wanaume peke yao. Twawajua akina mama ambao lau wangelipewa bonasi nzima wangeliitia katika vioo. Neno letu ni kuhusu utangulizi: kipi kitangulie fedha zikiwa hazitoshi vyote viwili, jicho la mwenye kupita au mkono wa mwenye kukaa?

Hoja ya mume ni kuwa mlipaji ndiye mwenye kuchagua. Hoja hii si ndogo, wala hatuipuuzi, kwani mtu akinyimwa uamuzi katika mali yake huwa hana mali. Lakini mali hii ni ya nani? Katika mashamba yale mara nyingi nambari ya mkulima imeandikwa kwa jina la mwanamume, na fedha huingia katika hesabu yake ya benki. Ama kikapu mgongoni asubuhi yenye ukungu, hicho mara nyingi ni cha mke. Kuwa na jina katika daftari si sawa na kuwa mchumaji peke yako.

Na tukadirie kwamba kila shilingi ni ya mume. Bado twasema hoja yake haimfikishi atakako. Mwenye mali aweza kuchagua mbao, rangi, vishikio na vioo, na hakuna wa kumzuia. Lakini akisha kumweka mtu mahali pa kazi, mahali hapo pana haki za kazi. Wenyewe watu wa Merigi wanalijua hili viwandani. Pale chai inapopembuliwa na kupangwa hapana mkurugenzi awezaye kusema kwamba taa zining'inizwe langoni ili wapitao barabarani waione sura ya kiwanda, na wapangaji wapapase gizani. Wakulima wenyewe wangesimama katika mkutano wakampinga, kwani chai ingeharibika. Mbona basi jikoni iwe ni fadhila ile ambayo kiwandani ni wajibu?

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwanamke mchora ramani za nyumba, Margarete Schütte-Lihotzky, alipewa kazi ya kubuni jiko la nyumba za manispaa. Hakuanza na sura ya makabati. Alianza kwa kuzihesabu hatua za mwenye kupika. Jiko lake lilikuwa dogo, upana usiofika mita mbili na urefu wa mita tatu na kitu, na yapata 10,000 yalitiwa katika nyumba za watu wa kawaida. Unga uliwekwa katika visanduku vya mti wa mwaloni ili wadudu wasiuingie; na taa ya dari ilitembea juu ya reli, mpishi aivute mpaka pale alipo. Angalieni: taa ndiyo iliyomfuata mtu. Na aliyemwita kufanya kazi hiyo ni Ernst May, ambaye baadaye alihamia Afrika Mashariki, na ndiye aliyeichora Hoteli ya Oceanic iliyokuwa hapa kwetu Mombasa. Jiko lile nalo lilikuwa na kasoro. Wengi walilalamika kwamba lilimfungia mke peke yake, hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili.

Tulikuwa tumekaribia kumaliza mazungumzo yetu kwa kumpa mke haki yote, lakini fundi akataja jambo ambalo yeye aliliona dogo. Nyuma ya nyumba, alisema, liko jiko la zamani la kuni, na lile halitabomolewa. Gesi ni ghali, na ugali wa watu wengi hupikwa huko. Huko pia ndiko vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, husuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu. Jiko jipya litakuwa la chai ya wageni na vyakula vyepesi. Tukamwuliza, jiko la nyuma lina taa? Halina. Lina dirisha? Tundu moja. Ni nani akaaye humo jioni? Akasema, mara nyingi ni binti wa kazi.

Hapo suala likapanuka mbele yetu. Yule mama alisema kweli, "mimi ndiye nisimamaye hapa," lakini yuko mwengine asimamaye mahali pa giza zaidi, wala hakuwapo katika ugomvi. Hoja ile ile aliyomtolea mumewe inamdai yeye mwenyewe. Na moshi ni zaidi ya giza: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majikoni na wa taa chafu ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hii si hesabu ya kuipitia haraka.

Katika darasa letu hatukuwa na rai moja. Wako waliosema fundi amtii mlipaji na anyamaze. Wako waliosema aache kazi. Sisi twaona yote mawili si sawa. Ujuzi wa fundi ni amana, na mwenye nyumba hakujua kwamba makabati huleta kivuli. Basi fundi ana wajibu wa kumwonyesha, mbele ya mkewe, kwa taa ya mkononi na ubao wa kukatia. Si halali kwake kumhadaa kwa kutia waya kisirisiri. Na amwambie wazi kwamba taa ya chini ni sehemu ya kabati la juu kama bawaba zilivyo sehemu ya mlango, na kazi isiyo nayo ni kazi pungufu. Fedha zikiwa hazitoshi, na zipunguzwe katika vioo: milango miwili iwe ya mbao tupu, na waya wa taa za ndani uachwe tayari mpaka bonasi nyingine, ikija njema.

Jiko la nyuma litiwe balbu moja ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake ni kama wa ile ya zamani ya wati 60, na fundi awatafutie mwashi wa kutoboa njia ya moshi juu ya mafiga. Ama swichi, tumemsihi asiiweke ndani nyuma ya mlango kama wafanyavyo wengi. Aiweke nje ya kizingiti, kimo cha kiwiko, ili mwenye kuja na sufuria kwa mikono miwili aweze kuwasha kabla ya kuingia.