Marehemu Aonekanaye Ndotoni

Katika vijiji vya Kampene, kama penginepo, mama aliyefiwa na mwanawe huweza kuamka asubuhi akasimulia: usiku mtoto alikuja, akaketi karibu naye, hakusema neno, akaondoka. Tangu hapo mama aweza kula tena. Jirani mmoja asema ni mzimu, wadai kitu. Mwingine asema ni ndoto tu. Mkatekumeni asikiaye hayo huingiwa na mashaka: faraja hiyo ni halali, au yapasa kukataliwa?

Swali hilo si la wajinga. Yapata mwaka 421 Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika wa nchi iitwayo leo Aljeria, aliandika kitabu kizima juu ya kuwatunza wafu, akimjibu Askofu Paulino wa Nola. Aliwaza hivi: mtu aliye hai huonekana katika ndoto ya mwenziwe, naye mwenyewe amelala mbali, hana habari. Basi marehemu naye aweza kuonekana asijue. Tena akamtaja mama yake Monika, aliyefariki Ostia mwaka 387. Huyo alimfuata mwanawe nchi kavu na baharini. Kama roho za wafu zingekuja zipendavyo, asingekosa kumjia hata usiku mmoja. Wala hakumjia. Aliyeandika hayo alijua kilio ni nini.

Hata hivyo Augustino hakuita ndoto upuuzi. Alikiri kwamba yawezekana malaika, kwa amri ya Mungu, kuleta sura ya marehemu. Namna yake hakudai kuijua. Na malaika si wageni penye msiba. Rafaeli alimwambia Tobiti ya kuwa alikuwa pamoja naye alipozika wafu. Malaika wawili kaburini walimwuliza Magdalena sababu ya machozi yake, wasimkaripie.

Wazee wa Kirega wa Bwami, chama kilichopigwa marufuku na serikali ya Wabelgiji mwaka 1948, walirithishana lukwakongo, kinyago kidogo cha mti chenye ndevu za nyuzi, ukumbusho wa waliotangulia. Kukumbuka si dhambi. Hatari iko katika kudai: aendaye kwa mpiga ramli ili mfu aitwe na kusemeshwa, ataka kumtawala asiye wake tena. Mama aliyelala tu, akapewa, hakudai kitu. Akiulizwa kama yule alikuwa mwanawe kweli, na ajibu kwamba hajui, asilazimishwe zaidi. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, aweza kumpa katekista jina la mtoto, aombewe katika Misa.